Mbwa wa jirani ameingia zizini: mambo ya kujua kabla hujashika panga

Saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado halijaachia, nilisikia mbuzi wakilia kilio ambacho si cha njaa. Mfugaji yeyote anaijua tofauti. Nilipofika zizini na tochi, wawili walikuwa wamekufa karibu na mlango. Wa tatu alikuwa amesimama, ngozi ya paja la nyuma ikining'inia kama kitambaa. Wanne waliobaki walikuwa wamejibana pembeni, mmoja juu ya mwenzake, wanatetemeka. Hakuna aliyeliwa hata kipande. Nje ya wigo niliona mbwa wawili wakikatiza kwenye migomba kuelekea chini, na mmoja nilimtambua kwa baka jeupe la kifuani. Ni wa jirani yangu, mzee ambaye shamba lake na langu vinatenganishwa na mfereji tu.

Kitu cha kwanza nilichoshika ni panga. Huku Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mashamba yamebanana na mbwa ni wengi, kwa hiyo habari za aina hii huisha kwa njia mbili: mbwa anakatwa asubuhi hiyo hiyo, au anakutwa amekufa siku tatu baadaye, mdomoni ana povu na pembeni yake kuna kipande cha nyama kilichotiwa dawa ya shambani. Baadaye majirani wanaacha kusalimiana, na mbuzi wanaendelea kuuawa, kwa sababu mbwa wa pili hakujulikana ni wa nani.

Sikuenda. Mke wangu alinizuia mlangoni kwa swali moja: "Una uhakika ni huyo?" Swali hilo ndilo limenifanya niandike haya. Ugomvi wa mbwa na mifugo unaonekana mwepesi, lakini ndani yake kuna mambo matatu yaliyofungwa fundo moja. Nani aliyeua? Mbwa huyo ni mzima, au ana kichaa? Na nani anapaswa kulipa? Kila swali lina njia yake ya kujibiwa, na mbwa akishauawa kwa hasira, majibu ya yote matatu yanafukiwa pamoja naye.

Mzoga una habari zake

Piga picha kabla hujagusa kitu: mzoga wote, majeraha kwa karibu, tundu la wigo, na nyayo. Pembeni ya unyayo weka kiberiti au sarafu, ili mtu atakayeitazama picha baadaye ajue ukubwa wake.

Kisha tazama majeraha yako wapi. Mbwa huuma ovyo, na mara nyingi kutoka nyuma, kwa sababu anamuuma mnyama anayekimbia. Utakuta mapaja, mkia, kiwele, mbavu na masikio yamechanwa. Wengi wamejeruhiwa, wachache wamekufa, na nyama iliyoliwa ni kidogo au hakuna kabisa. Chui ni tofauti: hushika koo, huacha matundu machache ya meno yaliyozama, na kwa kawaida humburuta mbuzi wake akamle mahali pengine. Fisi hubeba au hula pale pale, na hula hata mifupa. Asubuhi unakuta damu, manyoya na yaliyokuwa tumboni, basi. Bweha humvizia mtoto wa mbuzi aliyezaliwa juzi, mara chache humgusa mkubwa.

Nyayo nazo zinasaidia. Unyayo wa mbwa una alama za kucha mbele ya vidole. Wa chui hauna, kwa kuwa hutembea amezirudisha kucha ndani. Fisi naye ana alama za kucha, ila mguu wake wa mbele ni mkubwa wazi kuliko wa nyuma, na ukiona hivyo kwenye tope huwezi kuchanganya.

Kuna kipimo kingine nilichofundishwa na mtaalamu wa mifugo aliyekuja asubuhi ile, na ningependa kila mfugaji akijue. Alichuna ngozi shingoni na mapajani, akanionyesha upande wa ndani. Palipoumwa palikuwa pekundu sana, damu imevilia chini ya ngozi. "Huyu aliumwa akiwa hai," akasema. Moyo ukishasimama, damu haivilii hivyo. Jino linaingia kwenye nyama iliyopauka na kuacha tundu tu. Maana yake ni kubwa. Mbuzi anaweza kufa usiku kwa kujaa gesi tumboni au kwa ugonjwa, kisha mbwa apite aanze kutafuna. Ukimkuta na damu mdomoni utaapa kwamba ndiye muuaji, na usingemwonea bure kama ungekuwa umeona kilicho chini ya ngozi.

Kujua aliyeua kuna faida ya pesa pia. Kama ni mnyamapori, Tanzania ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, na Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo inataja wanyama wanaohusika na fidia, fisi na chui wakiwamo. Unatakiwa kutoa taarifa mapema, ushahidi ukiwa bado mbichi. Kama ni mbwa wa mtu, serikali haikulipi chochote. Anayekulipa ni mwenye mbwa, na utamfikia kwa njia nyingine kabisa.

Simba hajawahi kumfukuza hata kuku

Nilipomwendea mzee yule, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. "Mwanangu, Simba ninamlea tangu mtoto. Hajawahi kumfukuza hata kuku." Watu wengi hapo hupandwa na hasira, wakidhani wanadanganywa. Mimi niliamini kwamba anasema kweli, na bado ninaamini.

Mbwa anapowinda hupita hatua zake: anaona, anavizia, anakimbiza, anauma, anaua, anakula. Mbwa wa nyumbani amezaliwa na hatua hizo, ila kwa wengi zimekatika njiani. Wapo wanaoishia kukimbiza tu, wapo wanaouma na kuachia. Ndiyo maana mizoga haikuliwa. Njaa si lazima iwe chanzo. Mbwa aliyeshiba ugali jioni anaweza kuua mbuzi saa nane usiku, kwa kuwa mbuzi amekimbia na amelia, na kukimbia na kulia ndiko kunakomwasha mbwa. Wakiwa wawili au watatu inazidi, kila mmoja anachochewa na mwenzake. Simba wa mchana, anayelala kizingitini na watoto wakimvuta masikio, si Simba wa usiku aliye na kundi.

Hapo ndipo penye mzizi wa tatizo letu, na ni mazoea ambayo karibu kila nyumba inayo: mbwa anafungwa mchana, anafunguliwa usiku "ili alinde". Kama una ukuta na geti, ni sawa. Lakini nyumba nyingi za vijijini hazina geti. Kuna ua wa michongoma wenye matundu, au hakuna chochote. Mbwa huyo halindi nyumba. Kuanzia saa nne usiku yuko barabarani na wenzake. Tunawaita mbwa koko, kumbe wengi wana mwenyewe, wana jina, na asubuhi watarudi kwao kula.

Uliza pia kama kuna jike aliye kwenye joto hapo jirani. Kipindi hicho huchukua kama wiki tatu, na madume ya vijiji viwili huweza kukusanyika nyumba moja, yanagombana na kuzurura usiku kucha. Mashambulizi yakija mfululizo, mara nne ndani ya wiki mbili, baada ya miezi mingi ya utulivu, mimi ningeanzia hapo. Kuhasi madume na kufunga kizazi majike ni kazi ya daktari wa mifugo, nayo inapunguza makundi haya kuliko marungu yote tuliyoyachonga.

Je, ana kichaa?

Swali hili linatakiwa kuulizwa saa ile ile, kabla ya habari za malipo, kwa sababu hapa kinachohusika ni uhai wa watu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kati ya binadamu wanaokipata, asilimia 99 hukipata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, tiba hakuna.

Kundi la mbwa lililovamia usiku na kukimbia lilipomulikwa tochi, mara nyingi ni mbwa wazima wanaowinda. Wa kuogopa zaidi ni yule anayekuja peke yake, mchana kweupe, anamuuma kila anayekutana naye, anatafuna hata mti au jiwe, hajali fimbo, sauti imebadilika, mate yanamtoka na miguu ya nyuma inayumba. Lakini usijihakikishie kwa kumtazama tu. Kama wewe au mtoto amechubuliwa na jino wakati wa kuokoa mbuzi, au mate yameingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tumia saa, kwa kuwa dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo hutolewa kwa awamu, siku ya 0, ya 3, ya 7 na nyingine baadaye kulingana na utaratibu wa hospitali, na kidonda kirefu huhitaji kinga ya ziada inayodungwa pembeni yake. Si kila zahanati huwa nayo, hivyo piga simu kwanza usije ukapoteza nusu siku njiani.

Na hapa ndipo panga linapokudhuru wewe mwenyewe. Mbwa aliyeuma akiwa hai, amefungwa mahali salama na anaangaliwa kwa siku 10, anakupa jibu bila gharama. Virusi huwa kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili, na mbwa aliyefikia hatua hiyo hafiki siku ya kumi akiwa mzima. Akibaki mzima anakula na kubweka kama kawaida, basi siku alipouma hakuwa akiambukiza. Ukimuua, kinachobaki ni kupima ubongo wake maabara. Ukimponda kichwa kwa rungu, kama tunavyofanya, na hicho kipimo umekiharibu. Kama ilibidi auawe, usiguse mate, waite wataalamu wa mifugo wachukue kichwa kikapimwe. Tanzania kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari.

Mifugo iliyoumwa nayo itengwe na iangaliwe kwa wiki nyingi, hata miezi, kwa sababu ugonjwa hujificha. Ng'ombe mwenye kichaa hulia kwa sauti iliyokauka, anadondosha mate, hawezi kumeza. Mwenye ng'ombe anadhani amekabwa na gunzi la hindi au embe, anaingiza mkono mdomoni mpaka koo kulitafuta. Ni kosa linalofanywa na watu wenye huruma na mifugo yao, ndiyo maana nalisema kwa herufi zote: ng'ombe anayetoka mate na aliwahi kuumwa na mbwa, usiingize mkono. Usimchinje, wala maziwa yake usinywe.

Kinachonipa moyo ni kwamba hili ni tatizo linaloshindika. Tafiti za miaka mingi katika wilaya zinazozunguka Serengeti, eneo lenye wanyamapori wa kila aina, zilionyesha kwamba kichaa kinaendelea kuishi kwa sababu ya mbwa wa nyumbani, wala si bweha na fisi. Ukichanja mbwa asilimia 70 kila kampeni, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwa hiyo katika makubaliano yoyote na jirani, chanjo ya mbwa wake iwe ya kwanza, hata kabla ya bei ya mbuzi.

Kuhusu mbuzi aliyejeruhiwa

Tundu la jino la mbwa linadanganya. Nje unaona kitobo kidogo, kumbe mbwa ameuma na kutikisa, na ngozi imebanduka kutoka kwenye nyama, pakabaki mfuko unaojaza usaha. Vaa glavu, au hata mfuko wa nailoni mkononi, nyoa manyoya, pitisha vidole mwili mzima. Utakuta majeraha ambayo hukuyaona. Osha kwa maji mengi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo. Usishone matundu, usipake oili chafu, majivu wala maji ya betri. Mengine, sindano za antibayotiki na kinga ya pepopunda, ni ya mtaalamu. Yule wangu wa paja alipona kwa wiki tano. Lakini mmoja kati ya wale wanne ambao hawakuguswa kabisa alitupa mimba siku ya sita. Mbio na hofu vinatosha, na hasara hiyo nayo ihesabiwe.

Niseme na hili, maana linahusu tunavyowalisha mbwa. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wanaujua ugonjwa wanaouita ormilo, ambao mbuzi au kondoo huzunguka mahali pamoja, kichwa ameinamisha upande, mpaka anaanguka. Kwa mbuzi na kondoo, wataalamu wamekuta ndani ya ubongo mfuko wa maji wenye viluwiluwi vya tegu. Tegu mwenyewe anaishi tumboni mwa mbwa. Mbwa anapewa kichwa kibichi cha mbuzi, anameza viluwiluwi, kisha anakunya mayai kwenye malisho, mbuzi wanayala. Tegu mwingine, anayepitia maini na mapafu mabichi anayotupiwa mbwa machinjioni, huwapa binadamu uvimbe wa maji tumboni. Turkana ya Kenya imejulikana miaka mingi kuwa na wagonjwa wengi mno wa aina hiyo. Kwa hiyo mbwa anayezurura anaweza kuua mbuzi wako bila hata kumuuma. Kichwa na matumbo vichemshwe au vifukiwe, na mbwa apewe dawa ya minyoo.

Nani analipa

Watu wengi wanaamini kwamba sheria iko wazi: mbwa wako, deni lako. Haiko hivyo moja kwa moja. Kenya na Tanganyika zilirithi kanuni za sheria ya Kiingereza, Kenya kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897 na Tanganyika kama zilivyokuwa 22 Julai 1920. Katika kanuni hizo za zamani, mbwa ni mnyama wa nyumbani, hatazamwi kama simba ambaye ni hatari kwa asili yake. Mwenye mbwa analipa ikionekana kwamba alijua mbwa wake ana tabia hiyo mbaya. Waingereza wenyewe waliona kanuni hii inamwonea mfugaji, wakatunga sheria mwaka 1906 iliyomwajibisha mwenye mbwa kwa mifugo iliyojeruhiwa bila kuhitaji kuthibitisha kwamba alijua, na sheria yao ya mwaka 1971 ikaendeleza hilo. Njia nyingine ni uzembe: kuonyesha kwamba mtu makini asingemwachia mbwa usiku karibu na mazizi ya watu.

Njia zote mbili zinarudi pale pale: jirani alijua nini, na tangu lini? Siku uliyomwambia mbele ya shahidi ndiyo siku alipoanza kujua. Ndiyo sababu nasema ule ujumbe wa kwanza, unaotolewa mbuzi wakiwa wamekimbizwa tu na bado hakuna aliyekufa, una thamani kuliko kelele zote za baadaye. Andika kwenye karatasi: tarehe, saa, rangi ya mbwa, alichofanya, nani aliona. Nakala moja mpe mwenye mbwa, nyingine mwenyekiti wa kitongoji. Kwa Kenya, mzee wa mtaa au naibu wa chifu. Watu huona aibu kumwandikia jirani barua. Wanavumilia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na siku ya nne wanapolipuka hawana hata mstari mmoja wa kuonyesha.

Upande wa pili, kumuua mbwa wa mtu bila sababu halali ni kosa la jinai katika nchi zote mbili, na sheria za ustawi wa wanyama zinakataza ukatili. Kumpiga mbwa aliye katikati ya kuwararua mbuzi wako, na huna njia nyingine, ni jambo unaloweza kujitetea nalo. Kumfuata kesho yake kwao ukamkata amelala kizingitini ni jambo jingine kabisa.

Sumu sitaitafutia maneno laini. Nyama iliyotiwa dawa ya wadudu haichagui. Inakula kuku, paka, mbwa wa nyumba ya tatu ambaye amefungwa kila usiku, kunguru, na tai wanaoshukia mzoga. Sumu ndiyo inayoongoza kumaliza tai barani Afrika. Na watoto wanaokota vitu. Nimemwona baba mmoja hapa kwetu akizunguka shamba asubuhi nzima akitafuta vipande alivyovitega mwenyewe usiku, kwa sababu mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa ametoka nje. Alivipata vitano. Aliweka sita.

Mezani kwa mtendaji

Nilienda kwa mzee saa tatu asubuhi, hasira ikiwa imeshuka kidogo, nikiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Tulikaribishwa, tukaketi, tukapewa chai. "Shikamoo mzee. Tumekuja kwa jambo zito, lakini tumekuja kwa wema." Sikusema "mbwa wako ameua", nilimpa simu atazame picha mwenyewe. Alizitazama kwa muda mrefu. Akamwita Simba, akamshika taya, akakuta manyoya meupe yamenasa kati ya meno na tope limekauka miguuni. Tope la zizi langu, kwani kwake ni udongo mwekundu. Hakuna aliyesema neno mpaka mwenyekiti alipokohoa.

Tuliandikiana kwa mtendaji wa kijiji siku mbili baadaye. Bei ilifuata mnada wa wiki ile, na kwa yule aliyekufa akiwa na mimba tuliongeza kidogo kwa sababu nilikuwa na daftari linaloonyesha siku aliyopandishwa. Hapa daftari linasema kuliko mdomo. Mfugaji asiye na kumbukumbu analipwa bei ya mbuzi wa nyama hata kama alikuwa anakamua. Gharama za mtaalamu ziliingia pia. Lakini vifungu nilivyong'ang'ania zaidi ni vya mbwa: achanjwe ndani ya wiki, ahasiwe ndani ya mwezi, na kuanzia saa kumi na mbili jioni asiwe huru nje ya uwanja wa nyumba.

Mazungumzo yakishindikana, Tanzania unaenda baraza la kata kwa usuluhishi, au Mahakama ya Mwanzo kudai fidia. Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayopokea madai ya hasara ya mali yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Kote huko, unachobeba ni kile kile: picha, barua, daftari, risiti na shahidi.

Zizi lenyewe

Mfugaji naye ana sehemu yake, na sisemi hivi kumpunguzia mwenye mbwa mzigo. Mbwa mara chache huruka. Hufukua au hujipenyeza. Kagua wigo ukiwa umeinama, kimo cha mbwa, sio ukiwa umesimama. Tundu linalopitisha kichwa chake linampitisha mwili mzima. Kama una wavu, usiuzike tu wima; ulaze chini kuelekea nje kama nusu mita, ufunike kwa mawe. Mbwa huja mpaka kwenye ukingo wa wigo na kuanza kufukua hapo hapo, anakuta waya. Michongoma bila wavu inapendeza lakini chini huwa wazi. Banda lililoinuliwa, lenye sakafu ya mbao na mlango unaofungwa kwa komeo, kwangu mimi limeshinda vyote, na mbuzi wa maziwa hulipenda.

Na mbwa anaweza kuwa dawa ya mbwa. Mtoto wa mbwa akikuzwa zizini tangu akiwa na wiki chache, analala na mbuzi na kunusa mbuzi, hukua akiwaona kuwa ndio wenzake. Namibia, tangu mwaka 1994, mfuko wa kuhifadhi duma umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wa asili ya Uturuki waliokuzwa hivyo, na wafugaji wengi wakaripoti hasara kupungua. Si lazima upate mbwa wa Uturuki. Kinachotakiwa ni umri mdogo na uvumilivu wa mwaka mmoja.

Mzee alitatua suala la kulinda nyumba kwa njia ambayo nimeiiga: alichimbia nguzo mbili, moja karibu na mlango na nyingine karibu na banda la kuku, akavuta waya mnene kati yake, kisha mnyororo wa Simba akaufunga kwenye pete inayoteleza juu ya waya. Mbwa anakimbia mita 20 kwenda na kurudi, anabweka, mwizi anamsikia, na haendi popote. Amelipa awamu ya kwanza. Ya pili tumekubaliana baada ya mavuno ya maharage. Simba amechanjwa, kadi yake nimeiona. Mbwa wa pili, yule mweusi aliyekimbia naye alfajiri ile, mwenyewe hajapatikana hadi leo, na barua yenye rangi yake, kimo chake na mkia wake uliokatika iko kwa wenyeviti wa vitongoji vitatu.